Mkono wa kupimia maumbo wa kujitengenezea: utafika nusu milimita?

Swali: Nina karakana ndogo ya faibaglasi Kariobangi Light Industries, Nairobi. Natengeneza bampa, grili na maganda ya taa za matatu na pikipiki. Mteja huniletea kipande kilichovunjika, nami nimuundie kingine. Nimejaribu kukipiga picha kwa simu na kuziunganisha kwa programu, lakini plastiki nyeusi inayong'aa hutoka na mashimo na mabonde yasiyokuwepo. Nimeona watu wameunda mkono wenye viungo: unagusa kitu kwa ncha, kompyuta inachora nukta. Nikitumia potentiometa (vile vipinga vya kuzungusha, kama cha sauti) za redio kuukuu, paipu za PVC na Arduino Uno niliyo nayo, kile kibao kidogo cha kompyuta, nitafikia usahihi wa nusu milimita? Nianzie wapi, na programu gani?

Jibu: Ndugu fundi, mkono utauunda, tena vifaa vingi viko safari ya matatu moja tu kutoka hapo ulipo. Ila potentiometa za redio ziache, PVC iache, na nusu milimita usimwahidi mteja. Lengo la haki kwa mkono wa kwanza wenye ufikio wa sentimita 60 ni milimita moja hivi. Mikono ya kiwandani, kama ile ya FARO, hupima kwa sehemu za mia za milimita, na bei yake inalingana na hilo. Sisi hatushindani nayo.

Tuanze na jinsi mkono unavyojua ncha iko wapi, maana maamuzi yote ya ununuzi yanatoka hapo. Mkono hauoni kitu. Unachojua ni pembe ya kila kiungo na urefu wa kila kipande kati ya viungo. Chukua mkono wa bapa wenye vipande viwili vya milimita 300. Bega liko digrii 40 kutoka mlalo, na kiwiko kimeongeza 30, kwa hiyo kipande cha pili kiko digrii 70. Umbali wa ncha kwenda mbele ni 300 mara kosini ya 40, kujumlisha 300 mara kosini ya 70: milimita 332.4. Kwenda juu ni hivyo hivyo kwa sini: milimita 474.7. Mkono wa kweli una viungo vitano badala ya viwili, na hesabu hufanywa kwa matriki (majedwali ya namba) za Denavit na Hartenberg, mbinu ya mwaka 1955 ambayo bado inafundishwa katika madarasa mengi ya roboti, lakini wazo ni lile lile.

Sasa fanya bega lidanganye kidogo tu, lisome 40.1 badala ya 40. Ncha, ambayo iko karibu milimita 580 kutoka begani, inahama milimita moja nzima. Kosa la sehemu ya kumi ya digrii limekula lengo lako lote. Kariri kipimo hiki: digrii moja kwenye ufikio wa milimita 600 ni kama milimita 10 na nusu. Kosa hilo hilo likiwa kwenye kiungo cha mwisho, kilicho sentimita kumi tu kutoka kwenye ncha, linapungua mara sita. Ndiyo maana nasema pesa ziende begani. Ukiwa na beringi mbili nzuri tu, ziweke pale.

Kwa kipimo hicho, potentiometa inajihukumu yenyewe. Ya kawaida huzunguka digrii 270 hivi, na Arduino Uno hugawanya volti zake katika ngazi 1024. Kila ngazi ni digrii 0.26, yaani milimita 2.8 kwenye ncha. Hapo hatujahesabu kwamba njia ya kaboni ndani ya kitufe cha sauti cha redio haipandi sawasawa, mara nyingi kwa makusudi ya mtengenezaji, na huchakaa pale kidole chake kinapopita sana.

Kinachofaa ni sensa ya sumaku. Ni kichipu kidogo kinachokaa mbele ya kisumaku cha duara, kwa kawaida chenye kipenyo cha milimita 6, kilichobandikwa katikati ya mwisho wa shafti. Sumaku hiyo lazima iwe imepewa nguvu kukata kipenyo, ncha ya kaskazini upande mmoja wa duara na ya kusini upande wa pili. Zile za milango ya kabati, ambazo kaskazini ni uso wa juu, hazifai hata zikilingana kwa ukubwa. Kichipu cha bei nafuu ni AS5600: kinagawanya mzunguko mara 4096, ngazi moja ni digrii 0.088, kama milimita 0.9 kwenye ncha. AS5048A hugawanya mara 16,384, ngazi moja ikawa milimita 0.23. Chukua hiki cha pili, angalau kwa bega na kiwiko. Tena AS5600 zote huzaliwa na anwani moja isiyobadilika, hivyo tano haziwezi kukaa kwenye waya mmoja bila kipande cha kuzigawia zamu, kama TCA9548A chenye njia nane. AS5048A unaweza kuziunga moja nyuma ya nyingine kwenye mstari wa SPI, njia nyingine ya vichipu kuzungumza na Arduino. Uliza kwa wauzaji wa moduli za Arduino katikati ya jiji, zisipokuwepo huagizwa. Waya na viunganishi Luthuli Avenue inatosha.

Hapa sasa ndipo watu wengi huumia. Ngazi ndogo si sawa na usahihi. Karatasi ya kiufundi ya AS5600 inakubali wazi kwamba pembe inayosomwa inaweza kupotoka hadi digrii moja hata sumaku ikiwa imekaa sawa, na AS5048A haiko mbali na hapo. Rudi kwenye kipimo chetu: digrii moja ni milimita 10. Habari njema ni kwamba upotofu huu haurukiruki ovyo. Hupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja kila mzunguko, na huzidi sumaku isipokaa katikati kabisa. Kosa linalojirudia vile vile linaweza kupimwa na kuondolewa kwa hesabu. Kutetemeka kwa namba, ambako ni kitu kingine, utakupunguza kwa kupiga wastani: soma mara 16, na mtetemo unabaki robo.

Kuna pia enkoda za mwanga, sensa za pembe zenye kisahani cha mistari. Yenye mistari 2500 hutoa hesabu 10,000 kwa mzunguko na haina tatizo kubwa la upotofu huo. Ila nyingi huhesabu hatua tu, hazijui ziko wapi zinapowashwa. Stima ikipotea katikati ya kazi, na unajua mambo ya huko kwenu, unarudi mwanzo kupeleka kila kiungo kwenye alama yake ya sifuri. Sensa ya sumaku huwaka ikijua pembe yake.

Tuje kwenye chuma, ambako wewe una faida kuliko mtu wa kompyuta. Adui wa mkono huu ni kucheza kwa beringi. Tuseme shafti inacheza milimita 0.05, kiasi ambacho vidole vyako havitakihisi, na beringi mbili za kiungo zimeachana milimita 40. Kwenye ncha iliyo milimita 600 mchezo huo unakuwa milimita 0.75. Na sensa haiuoni kamwe, kwa sababu shafti inainama upande badala ya kuzunguka. Hakuna programu itakayokuokoa hapo. Ziweke beringi mbali kadiri unavyoweza, kama bawaba za mlango: zikikaribiana, mlango hunesa. Bega lipe nafasi ya milimita 60 au zaidi.

Beringi yenyewe, 6202 ya pikipiki inafaa sana: shimo milimita 15, nje 35, unene 11, na Kirinyaga Road iko kila duka. Soma maandishi ya pembeni. Ukiona C3, irudishe. Hiyo imeachiwa nafasi zaidi ndani kwa ajili ya mota zinazopata moto, na nafasi ndiyo tunayoikimbia. Chukua yenye vifuniko vya bati, ZZ, maana za mpira hukaza mwendo na mkono huu unataka uzunguke bila kusukumwa. Halafu hata beringi mpya usiiache huru. Weka washa ya springi upande mmoja, kaza nati hadi beringi zote mbili zibanwe zikielekeana, kiungo kizunguke laini bila nafasi yoyote ya kwenda mbele na nyuma. Nyumba ya beringi ikerezwe kwa mara moja, matundu yote mawili bila kukitoa kipande kwenye mashine. Ukikigeuza, matundu hayatakuwa kwenye mstari mmoja. Mafundi wa kukereza ni majirani zako, sihitaji kukuelekeza. Nyumba hizi usizichapishe kwa plastiki ya PLA. Hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na hata kabla ya hapo, ikibanwa muda mrefu, hujiachia polepole.

Kuhusu paipu, hesabu ni rahisi. Paipu ya alumini ya nje milimita 25 na unene 1.5, urefu 300, ukining'iniza gramu 300 hivi mwishoni, inapinda milimita 0.05. Huna haja ya paipu ya nyuzi za kaboni. PVC ya vipimo hivyo hivyo inapinda zaidi ya mara ishirini, yaani inapita milimita moja, na jua likipiga mabati inaendelea kupinda bila kuguswa. Joto kwa alumini si tatizo: kupanda nyuzi 10 kutoka asubuhi ya Julai hadi saa nane mchana kunarefusha kipande hicho kwa milimita 0.07. Weka uzito wa kusawazisha nyuma ya bega ili mkono usiwe unaanguka kila ukiuachia. Kitako kiwe kizito. Kipande cha granaiti kilichobaki kwa mafundi wa kaunta za jikoni ni bora kuliko meza ya mbao.

Viungo vingapi? Vitatu vinatosha kufikisha ncha popote, lakini haviwezi kuielekeza. Utakwama ukitaka kuingia nyuma ya ukingo wa grili. Vitano vinatosha: viwili begani (kuzunguka na kuinua), kimoja kiwiko, viwili kifundo. Cha sita kinasaidia ncha isiyo kwenye mstari wa mkono, lakini kila kiungo ni kosa jingine la kuongeza. Kwenye ncha weka gololi ya chuma ya beringi, ya milimita 3, iliyounganishwa kwenye pini. Ncha kali kama msumari huchora rangi ya mteja na huchakaa. Kumbuka tu kwamba kompyuta itarekodi kitovu cha gololi, kwa hiyo uso wa kweli uko milimita 1.5 zaidi, kuelekea upande unaogusa. Programu hutoa hiyo tofauti baadaye. Kitufe cha kurekodi kiweke sakafuni, ukanyage kwa mguu. Ukibonyeza kwa kidole cha mkono uleule unaoshika ncha, utaisogeza.

Mkono ukishakusanyika, usitumie urefu ulioupima kwa utepe. Hapa ndipo mkono wa milimita tano unapogeuka wa milimita moja, na hauhitaji kifaa cha bei. Toboa kishimo chenye umbo la koni kwenye kipande cha chuma, kifunge mezani. Ingiza gololi ndani yake, kisha uzungushe mkono na kiwiko chake uwezavyo huku gololi haitoki, ukirekodi pembe zote tano katika mikao thelathini au zaidi, mingine kiwiko kikiwa juu, mingine kikiwa kando. Kwa kweli ncha haikusogea hata kidogo. Kwa hesabu yako, nukta thelathini zitatawanyika. Mpe kompyuta kazi ya kubadilisha kidogo kidogo urefu wa vipande, pembe za kuanzia, mpindo wa kila shafti, na kwa kila sensa tarakimu nne za yale mawimbi ya sumaku (sini na kosini za mzunguko mmoja na wa nusu mzunguko), mpaka nukta zikusanyike. Lugha ya programu ya Python ina amri ya kazi hiyo, least_squares, ndani ya maktaba yake ya hesabu SciPy. Inamaliza kwa sekunde chache. Jaribio la koni si la mafundi maskini, lipo hata kwenye kiwango cha Marekani cha kukagua mikono hii, ASME B89.4.22 cha 2004.

Lina mtego mmoja. Koni peke yake haijui ukubwa. Kompyuta ikipunguza urefu wote kwa nusu, mtawanyiko nao unapungua nusu, na itafurahi kukupunguzia hadi sifuri. Lazima uipe urefu mmoja wa kweli: fito ya chuma yenye koni mbili, umbali kati ya vitovu vyake umepimwa kwa vernia nzuri, tuseme milimita 250. Iweke fito hiyo mlalo, wima, mshazari, karibu na kitako na mbali. Mtego mwingine mdogo: shafti mbili zinazokwenda sambamba, kama za bega na kiwiko, hufanya tarakimu za Denavit na Hartenberg ziyumbe ovyo, ongeza pembe moja ndogo ya ziada kwenye kiungo hicho na tatizo linaisha. Mwishoni pima fito nyingine ambayo kompyuta haijawahi kuiona. Kosa la hapo ndilo kosa la mkono wako, si lile la mikao uliyoifundishia.

Sasa kazi yenyewe. Bampa ya matatu ni ndefu kuliko mkono, na hapa watu hujenga mkono mrefu zaidi. Usifanye hivyo, kosa hukua na urefu. Kwanza, bampa ni pande mbili zinazofanana. Pima nusu iliyo nzima, kisha igeuze kwenye kompyuta kama kwenye kioo. Mstari wa katikati utaupata kwa kugusa matundu ya bolti ya kushoto na kulia na kuchukua katikati yake. Ikibidi kuhamisha kitako, bandika koni tatu kwenye kipande chenyewe, zisiwe kwenye mstari mmoja na ziachane sana. Ziguse kabla ya kuhama, ziguse baada ya kuhama, na kompyuta italinganisha. Kila kuhama kunaongeza kosa, kwa hiyo kuhama mara moja, si mara nne.

Wala usijaribu kugusa uso wote nukta kwa nukta. Utachoka, na faibaglasi huisahihisha mwenyewe kwa msasa na puti. Kinachomfanya mteja arudi akilalamika ni matundu ya bolti yasiyokutana na fremu, na kingo zisizokaa kwenye boneti. Hizo ndizo za kugusa: kila tundu mara kadhaa kuzunguka ukingo wake, kila kingo kama mstari, kila mkunjo wa mwili kama mstari. Kwa uso mpana ulio katikati, zile picha za simu zinafaa kabisa ukiipaka plastiki poda ya mtoto au chokaa laini iliyopulizwa ili ung'oke ule mng'ao, na ukiweka alama chache utakazozigusa pia kwa mkono. Picha zinakupa umbo, mkono unazipa ukubwa na mahali. Mimi ningefanya hivyo kwa bampa zote, na mkono peke yake ningeuachia maganda ya taa na vipuri vidogo.

Programu zote ni za bure: Meshroom kwa kuunganisha picha, CloudCompare kwa kulinganisha nukta za mkono na umbo la picha, FreeCAD kwa kuchora kipande kwa vipimo. Mkono utoe faili ya maandishi ya kawaida, tarakimu tatu kila mstari, CloudCompare na FreeCAD zitaisoma.

Pa kuanzia ni bega peke yake. Usinunue sensa tano. Nunua moja, kereza nyumba moja, funga fito ya milimita 600, na weka mwisho wake kizuizi cha chuma kigumu. Igonge fito taratibu hadi kizuizini, rekodi wastani wa masomo mia, iondoe, izungushe, irudishe, rekodi tena. Kisha shika fito dhidi ya kizuizi na uisukume juu na chini kwa kidole, ukitazama kwa kipimo cha saa (dial gauge) cha mafundi wa injini. Namba zikirudi ndani ya ngazi mbili tatu na sindano isipotikisika zaidi ya milimita 0.1, agiza nne zilizobaki. Zisiporudi, kosa liko kwenye nyumba ya beringi au kwenye gundi ya sumaku, na kulitafuta kwenye kiungo kimoja ni kazi ya mchana mmoja.